Ubishi wa Gurudumu

Kanuni ya kwanza ya mwendo niliifeli kidato cha pili,
kwa Kiingereza, siku ya mvua, bati likipiga kelele.
Miaka kumi na tisa baadaye ikanifuata karakanani,
Keko Machungwa, mkobani mwa Mwalimu Tusekile,
imekunjwa mara nne:
mchoro wa kitu ambacho si kiti, si kitanda, si geti.

"Kitafanya nini?"
"Kitazunguka."
"Halafu?"
"Halafu tutaona."

Mimi nimechomea mageti ya watu waoga,
madirisha ya nondo, vizimba vya mita za maji.
Riziki yangu ni kuzuia kitu kisipite.
Sasa huyu mama anataka chuma
kitakachoiambia nuru: pita, gonga, rudi.

Tukaenda Gerezani kutafuta vioo,
vile vya pembeni vya magari, kila kimoja
kimechongwa namba kwa ncha ya msumari
na mwenyewe aliyewaogopa wezi
ambao wao hawakumwogopa.
Shomvi muuzaji hakuulizwa, naye hakusema.
Tulichukua thelathini na saba.
Cha thelathini na nane alitupa nyongeza, kina ufa.

Rimu tatu za baiskeli, beringi, mota ya feni iliyokufa mapanga.
Mwalimu akapiga magoti vumbini, chaki mkononi:
mwale ukianguka na pembe hii, utaondoka na pembe hii,
haupunji, hauongezi.
Nikamwambia, basi nuru ina mizani
kuliko muuza nyama wetu.
Akacheka, akaliandika lile pembeni mwa mchoro
kama vile nimesema jambo.

Rimu kubwa ilikuwa nzito, haitaki kuanza.
Ilipoanza, haitaki kuacha; ilininyang'anya ngozi ya kidole gumba.
"Hiyo ndiyo ile uliyoifeli," akasema. "Kwa Kiswahili ungeiitaje?"
Nikanyonya kidole. Nikafikiri.
Ubishi, nikasema. Na usiku ule, usingizi umegoma,
nikaipangia vina:

Kilicholala hubisha, kukiamsha ni kazi,
kinachokwenda hubisha, kukizuia ni kazi.

Jumamosi tuliwasha, mbele ya ukuta mweupe wa ghala la magodoro.
Taa moja tu, kali, chini.
Ukuta ukalegea.
Vipande vya nuru vikapanda, vikapishana, vikafukuzana
hadi juu kwenye mabati, vikashukia vichwa vya watoto,
na ndani ya kila kipande, herufi za kivuli,
zimegeuka, zinasomeka kutoka kulia
kama maandiko ya msahafu ambao haujashushwa.

"Namba yangu hiyo!"
Mzee mnene, kanzu ya Ijumaa bado mwilini, soda mkononi.
"Kinyumenyume hata hivyo naijua! Taa za Tazara, Machi,
waling'oa nikiwa ndani, nimefunga mkanda!"
Nikatafuta njia ya kutokea. Chuma changu mwenyewe kilinizingira.
Lakini namba ilishapita; ikateleza mlangoni mwa duka la dawa,
naye akawa anaisubiri,
shingo ndefu, kimya,
jinsi mtu anavyosubiri jina lake hospitalini.

Ikarudi. Ikampita kifuani.
Akaishika kanzu pale pale, akakuta kitambaa.

Ndipo umeme ukakatika, mtaa mzima, hadi Chang'ombe.
Watoto wakapiga ile *aaah* yao.
Gizani tulisikia gurudumu
bado linakwenda, bila mota, bila wa kuliona,
trrr, trrr, ubishi mtupu,
na Mwalimu akihesabu mizunguko kwa sauti ya chini,
kumi na moja, kumi na mbili.

Kisha tochi ya simu. Ya yule mzee.
Aliinama, akaielekeza mahali taa yetu ilipokuwa,
mkono ukimtetemeka, hivyo ukuta nao ukatetemeka.

"Kesho nakuja na bisibisi," akasema.
Kumi na tisa. Ishirini.
"Au keshokutwa."
Namba yake ikapita polepole, karibu kusimama.
"We fundi, sukuma basi. Kinalala hicho."